Mwenye ujuzi kazini anauficha, na semina ikiisha kila mtu anarudia ya zamani. Tatizo ni nini hasa?

#1 Kipimajoto (mleta mada)

Wakuu, salamu. Nasimamia kitengo cha matengenezo. Nina mambo mawili yanayonikosesha usingizi, na naanza kuamini ni jambo moja.

La kwanza, kuna fundi wa siku nyingi. Pampu ikianza kulia anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha pale beringi ilipo, mpini anauweka sikioni. Anasikiliza kidogo, kisha anakwambia "hii itafika mwisho wa mwezi" au "hii zima sasa hivi". Hakosei. Anakaribia kustaafu. Kila nikimwomba akae na vijana, jibu ni moja: "Haya mambo hayafundishwi, yanazoeleka." Ana daftari lililojaa vifupisho anavyovielewa mwenyewe, na hata akienda kunawa mikono anaondoka nalo.

La pili, tumeletewa mfumo mpya wa kurekodi matengenezo. Watu wakapelekwa mafunzo, picha ya pamoja ikapigwa, vyeti vikagawiwa. Leo ukipita karakana kila kitu kiko kwenye makaratasi vilevile, na mwisho wa wiki karani mmoja anayaingiza yote ili ripoti ionekane imejaa.

Msimamo wangu: ujuzi ni mali, na hakuna anayegawa mali bure. Anayefundisha mwenzake apewe bonasi, anayetumia alichofundishwa apewe bonasi. Yaishe. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kidole Gumba

Nimekaa mkao wa kula. Bin Spana akifika huu uzi utanoga.

#3 Bin Spana

Nimefika. Huyo fundi ni mimi, ila wa mahali pengine.

Kazini kwangu kwa zamani ulikuja mradi wa "kuhifadhi maarifa ya kampuni". Jamaa mmoja wa umeme akauitikia kwa moyo wote. Akaandika fyuzi ipi inadanganya, waya upi ulibadilishwa rangi na aliyebadilisha hakusema, mota ipi lazima ipumzike kabla hujaiwasha tena. Likatoka bonge la kabrasha. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Wakaja vijana wawili wa mshahara mdogo, wakakabidhiwa kabrasha. Hakuna aliyetangaza kwamba sababu ni kabrasha, na wala hakukuwa na haja ya kutangaza. Tangu siku hiyo ukimuuliza mtu kitu pale anakujibu "hata mimi huwa nabahatisha tu".

Bonasi ya mara moja, kwa kitu kinachonilinda mpaka nizeeke? Piga hesabu mwenyewe.

#4 Dada Faili

Hiyo "hata mimi huwa nabahatisha" imefanyiwa utafiti kabisa. Mwaka 2012 Catherine Connelly na wenzake walichapisha kazi kuhusu watu wanaoulizwa kitu kazini wakakificha, wakakuta njia tatu. Ya kwanza ni kujifanya hujui. Ya pili ni kuzungusha: "nitakutumia jioni", jioni ya mwaka gani Mungu ndiye ajuaye, au unapewa nusu nusu. Ya tatu ni kutoa sababu: "hilo bosi hajaruhusu litoke". Na kutokumwamini anayeuliza ni moja ya mambo yanayochochea kuficha.

Ofisini kwetu zote tatu zinapatikana chumba kimoja. Jirani yangu wa meza ana kiolezo cha ripoti ambacho kingemwokolea kila mtu nusu siku. Amekipa jina "mpya_mpya_2_USIGUSE".

#5 Tarakimu

Mleta mada, kwenye bonasi napingana nawe. Soma habari za mafundi wa mashine za fotokopi wa Xerox.

Julian Orr, mwanaanthropolojia, alikuwa anazunguka nao kazini miaka ya 1980. Akaona mashine ikiwashinda hawategemei kitabu cha maelekezo. Wanakutana, wanasimuliana: "ile yangu ilikuwa inakwama hivi, kumbe shida iko kule." Visa ndivyo vilivyokuwa chuo chao. Baadaye, miaka ya 1990, kampuni ikajenga mfumo wa kukusanya mbinu hizo, ulioitwa Eureka, na ulianzia kwa mafundi wa Ufaransa. Mbinu inapelekwa, mafundi wenzako wanaikagua, ikipita inawekwa na jina lako juu yake. Lilipokuja suala la kuwalipa kwa kila mbinu, mafundi wenyewe hawakulitaka. Waliona watu wataanza kuhesabu idadi na kusahau ubora.

Halafu kuna Edward Deci, 1971. Waliolipwa kutatua fumbo, malipo yalipokatwa, hamu yao ikashuka.

#6 Kidole Gumba

Jina juu ya mbinu. Kodi ya nyumba je, nayo inapokea jina?

#7 Msomaji Kimya

Tarakimu, kwa Deci umeishia njiani. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo wakicheza na vipande vya fumbo, hawakuwa wafanyakazi wenye familia. Na katika utafiti huohuo, waliosifiwa kwa maneno hamu yao haikushuka, ilipanda. Kwa hiyo fundisho lake si kwamba malipo ni sumu. Na tena lile fumbo lilikuwa linafurahisha lenyewe. Kujaza fomu za matengenezo kunamfurahisha nani?

#8 Nyundo Baridi

Kidole Gumba, jina linalipa kodi. Nakupa kisa cha mbali kidogo.

Cornwall, Uingereza, kwenye migodi. Hataza ya James Watt ya injini ya mvuke, yaani haki ya kuzuia wengine wasiuige uvumbuzi wake, iliisha mwaka 1800. Mwaka 1811 meneja mmoja wa migodi, Joel Lean, akaanza kutoa taarifa ya kila mwezi: injini ya mgodi fulani imepandisha maji kiasi gani kwa kipimo fulani cha makaa, imejengwaje, na mhandisi wake ni nani. Kila mtu anasoma ya kila mtu. Miongo michache baadaye ufanisi wa injini za kule ulikuwa umepanda zaidi ya mara mbili, na hataza mpya zilikuwa chache sana. Mhandisi aliyeonekana juu kwenye ile karatasi ndiye aliyeitwa na mgodi unaofuata.

Yule mtu wa umeme wa Bin Spana aliandika kabrasha la kampuni. Jina lake lilikuwa ukurasa gani?

#9 Bin Spana

Hakuna ukurasa. Juu palikuwa na nembo na jina la mkuu wa idara.

Ila kisa chako kina tundu. Wenye mitaji wa Cornwall walikuwa na hisa kwenye migodi kadhaa kwa wakati mmoja. Injini ya jirani ikiboreka nao wanafaidi. Mimi nina hisa wapi?

#10 Nyundo Baridi

Hapo umenibana. Nakubali yote mawili yalikuwepo, jina na hisa, na sijui nani anaweza kuyatenganisha.

#11 Mkufunzi Mtoro

Nimefanya ukufunzi kwa muda mrefu, niruhusuni nilete upande wetu. Tatizo la pili la mleta mada ni namna mafunzo yanavyotolewa. Mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 90 ya anachofanya. Ndiyo maana ni asilimia 10 tu ya mafunzo inayofika kazini. Ukiwajaza watu ukumbini kuangalia picha ukutani siku nzima, usitegemee kitu.

#12 Tarakimu

Mkufunzi, nakuheshimu, ila hizo namba ni za vijiweni. Zile za kukumbuka hubandikwa kwenye mchoro wa Edgar Dale wa mwaka 1946 wenye umbo la pia (koni), na Dale hakuweka asilimia hata moja, ziliongezwa na watu baadaye. Ile ya asilimia 10 kufika kazini chimbuko lake ni makala ya 1982 ambamo mwandishi aliuliza tu kama swali la kuchokoza, bila data yoyote. Watu wakaibeba kama matokeo.

Kama unataka mzee wa kusahau, yupo Hermann Ebbinghaus, 1885. Huyo alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaona kusahau kunakuja kwa kasi mwanzoni kisha kunapungua. Kurudia kwa vipindi kunasaidia. Hilo limesimama mpaka leo.

#13 Mkufunzi Mtoro

Namba zitupwe, hoja ibaki. Tunaitwa Jumatatu, tunaondoka Jumatano, hakuna anayetuita tena mwezi ukipita kuona nani amekwama wapi. Mwishoni tunagawa fomu ya kuuliza kama mkufunzi alieleweka na ukumbi ulikuwa mzuri. Donald Kirkpatrick alishaeleza tangu 1959 kwamba kufurahia mafunzo ni ngazi ya kwanza tu. Kuna kujifunza, kuna kubadili utendaji, kuna matokeo. Waajiri wengi wanaishia ya kwanza kwa sababu ndiyo rahisi kuipima.

#14 Mama Ripoti

Mimi nilienda mafunzo ya uandishi wa ripoti fupi. Mazuri kabisa, na mkufunzi alijua kazi yake. Nikarudi nikaandika ripoti ya kurasa mbili: hitimisho juu, takwimu kwenye kiambatisho. Bosi akaishika kama kitu kilichookotwa. "Nyingine iko wapi?" Nikamweleza tulivyofundishwa. Akasema hayo ya darasani niyaache hukohuko, ripoti ije kama kawaida. Nikairefusha. Sasa hivi naandika kurasa thelathini bila kufikiri.

Huyo bosi ndiye aliyesaini nipelekwe mafunzo.

Timothy Baldwin na Kevin Ford walishaandika mwaka 1988 kwamba mafunzo kufika kazini kunategemea vitu vitatu: mtu mwenyewe, namna mafunzo yalivyopangwa, na mazingira anayorudi. Mkufunzi Mtoro anagusa cha pili. Mleta mada anataka kulipia cha kwanza. Cha tatu hakuna anayekigusa kwa sababu kina cheo.

#15 Kidole Gumba

"Kina cheo." Mods, hii comenti iwekwe juu.

#16 Zamu ya Usiku

Naona mnamjadili anayetoa tu. Anayeomba je?

Mimi ni muuguzi. Wodi niliyoanzia, ukimuuliza mkubwa wako kipimo cha dawa anakujibu mbele ya ndugu wa mgonjwa: "Kwani chuoni ulikuwa unafanya nini?" Ukishajibiwa hivyo mara moja huulizi tena. Unakisia, au unasubiri zamu ibadilike umuulize mtu mwingine pembeni. Kwa hiyo wakubwa wa pale walikuwa na haki ya kusema hawaulizwi.

Amy Edmondson alipochunguza timu za hospitali Marekani miaka ya 1990 alitegemea timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu zilizoongozwa vizuri zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alichokuja kuona ni kwamba kule watu waliweza kuyasema. Mwaka 1999 akaandika rasmi kuhusu usalama wa kusema ndani ya timu.

Kipimajoto, vijana wako wanamuuliza nini huyo fundi, na anawajibuje? Au wanasimama tu nyuma yake wameshika taa?

#17 Kipimajoto

Zamu ya Usiku, wanashika taa. Swali zuri, nitachunguza.

Niongeze mambo mawili. Tathmini ya mafundi wetu inahesabu kazi zilizofungwa kwa mwezi kwa kila mtu. Akikaa na kijana, kazi moja inachukua muda wa mbili, namba yake inashuka. Na kuhusu mfumo mpya, leo nimekaa mwenyewe kurekodi kazi moja ya kubadilisha mkanda. Nimepita kurasa kumi na nne za skrini. Ukurasa mmoja unauliza "kundi la mali" na kuna machaguo ambayo hata mimi siyaelewi. Fundi ana mafuta mpaka kwenye viwiko.

#18 Nyundo Baridi

Kumbe! Sasa hapo mafunzo yanahusikaje? Fred Davis alionyesha mwaka 1989 kwamba mtu hukubali programu mpya kwa kuangalia mambo mawili: inanisaidia kazi yangu, na ni rahisi kutumia. Faida ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, watu huvumilia ugumu kama wanaona manufaa. Mfumo wako ni mgumu, na manufaa yake yanaenda kwa anayesoma ripoti. Fundi anapata nini?

Mafunzo mengine huwa ni kuomba radhi kwa mfumo uliotengenezwa vibaya.

#19 Mama Ripoti

Pointi. Ila na huo mfumo ulinunuliwa na mtu mwenye cheo. Narudi palepale.

#20 Msomaji Kimya

Mbona hakuna anayemwamini huyo mzee aliposema "hayafundishwi"? Huenda anasema kweli.

Harry Collins, mwanasosholojia wa Uingereza, aliwafuatilia wanasayansi waliokuwa wanajenga aina mpya ya leza miaka ya 1970. Hakukuta maabara iliyofanikiwa kwa kusoma maandishi peke yake. Waliofanikiwa walikuwa wamekutana na mtu aliyekwisha kuijenga.

Kisa chake kingine ni kitamu zaidi. Kikundi cha Moscow kilikuwa kimepima sifa fulani ya kipande cha yakuti samawi, jinsi kinavyoendelea kutetema muda mrefu kikiguswa. Kwa karibu miaka ishirini watu wa Magharibi hawakuweza kuirudia, wengine wakaanza kutilia shaka. Mpaka mwisho wa miaka ya 1990, Warusi na wenyeji wao wa Glasgow walipokaa maabara moja. Kumbe uzi unaoning'iniza kipande hicho hutakiwa kupakwa mafuta kidogo sana, na mmoja wa Warusi alikuwa anaupitisha juu ya pua yake au nyuma ya sikio. Nani angeandika hilo kwenye makala ya kisayansi? Hakuficha. Hakujua kwamba ni la kusema.

#21 Kidole Gumba

Nimepeleka ombi kwa bosi la kuhifadhi maarifa ya pua yangu. Nasubiri majibu.

#22 Bin Spana

Msomaji Kimya, nusu nakubali. Kuna vitu nikiviandika havina maana, mkono ndio unaojua. Lakini msiwafanye mafundi kuwa malaika. Mimi nikisema "hili halielezeki", mara nyingine kweli halielezeki, mara nyingine sitaki kukueleza, na wewe kwa nje huwezi kutofautisha. Hilo lina faida zake.

#23 Mzee wa Karakana

Vijana, mnabishana mambo yaliyokwisha kufanyiwa kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani walikuwa na viwanda vimejaa watu wageni wa kazi, wenye ujuzi wameitwa jeshini. Ulianzishwa mpango mwaka 1940 wa kuwafunza wasimamizi jinsi ya kufundisha. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walipata vyeti vyake. Hatua ni nne: muandae anayejifunza, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, kisha mfuatilie. Na kauli yao ilikuwa kwamba kama mwanafunzi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha. Baada ya vita mpango ukapelekwa Japani, na viwanda vya kule, Toyota wakiwemo, wakaushika kuliko waliouanzisha.

Kipimajoto, umemwambia fundi akafundishe. Nani alimfundisha kufundisha? Kujua kusikiliza beringi na kujua kumsikilizisha mwenzio ni kazi mbili.

#24 Mkufunzi Mtoro

Asante mzee. Kwenye hiyo hatua ya pili huwa kuna kitu kinaachwa: mfundishaji alitakiwa kutaja sehemu muhimu za kazi na kwa nini kila moja ni muhimu. Fundi wengi wanaonyesha mkono, "kwa nini" inabaki kichwani.

#25 Zamu ya Usiku

Naongeza la hospitali, linahusu kulazimisha. Orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani: matokeo yaliyotoka 2009 kutoka hospitali nane za miji minane yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ontario, Kanada, wakaifanya lazima. Wakapima hospitali 101, matokeo yakatoka 2014: tofauti ya vifo haikuwa ya maana kitakwimu. Karatasi ileile! Kwangu mimi maelezo ni kwamba watu wakiagizwa kutoka juu wanaweka tiki, hawazungumzi. Nimeona orodha ikiwekewa tiki zote kabla mgonjwa hajaingizwa chumbani.

#26 Tarakimu

Taratibu na hiyo. Ontario walilinganisha miezi mitatu kabla na mitatu baada, na vifo vyao vilikuwa chini tangu mwanzo, 0.71 kwenda 0.65. Huenda palibaki nafasi ndogo ya kushuka, au muda ulikuwa mfupi. "Walitiki tu" inawezekana, ila utafiti wenyewe hauthibitishi hivyo.

#27 Dada Faili

Wakati mnagombana, nimeleta babu yao Bin Spana. Ukoo wa Chamberlen, Uingereza ya karne ya 17. Walikuwa na koleo la kumtoa mtoto aliyekwama wakati wa kuzaliwa, wakalifanya siri ya familia kizazi baada ya kizazi kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1813 vikakutwa vifaa vyao chini ya mbao za sakafu, kwenye nyumba iliyokuwa yao huko Essex. Fikiria wanawake wangapi walikufa wakati koleo liko kwenye sanduku.

#28 Bin Spana

Mimi naficha pampu dada, sijaficha uzazi.

#29 Zamu ya Usiku

Pampu ya nini, Bin Spana? Za kwetu zinasukuma hewa ya wagonjwa.

#30 Kipimajoto

Mrejesho. Nimeongea na mzee ana kwa ana, bila vijana. Hakutaja bonasi. Anataka barua: akistaafu aitwe kama mshauri wa kulipwa kwa kipindi fulani, na kazi ya kufundisha iingie kwenye tathmini yake. Nimeipeleka juu, wanaijadili.

#31 Tarakimu

Mkuu, umeliona hilo lakini? Akiahidiwa kuitwa baada ya kustaafu, ana sababu ya kubakiza kitu ili aitwe.

#32 Mama Ripoti

Na asipoahidiwa ana sababu ya kuondoka na vyote. Chagua.

#33 Mzee wa Karakana

Malipo ya ushauri yafungwe kwa vijana wangapi wanaweza kusikiliza pampu bila yeye kuwepo.

#34 Bin Spana

Na nani atawapima? Yeye huyohuyo?

#35 Zamu ya Usiku

Wapimwe na beringi. Kijana aseme imeharibika au haijaharibika, kisha ifunguliwe.

#36 Kipimajoto

Nikisimamisha pampu nzima ili kumpima mtu, mkuu wa uzalishaji atanifungua mimi kwanza.

#37 Mzee wa Karakana

Usisimamishe kitu. Beringi zinatolewa kila mara kwenye matengenezo ya kawaida na mnazitupa kwenye chuma chakavu. Siku moja kabla, kila kijana asikilize na aandike anachosikia, na mzee aandike chake bila kuonana. Beringi ikitoka, muikate wote waone ndani. Anza na zile za mwezi huu.